Casablanca (1942): Rick alijitoa, lakini ndiye aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni

Mleta mada:

Wakuu, salamu kwenu.

Kila ukifunguliwa uzi wa filamu za mapenzi za zamani, haichukui muda Rick wa Casablanca anatajwa kama mfano wa mwanaume aliyependa kweli. Kampenda mwanamke, kampoteza, kampata tena, halafu kwa hiari yake kampandisha ndege pamoja na mumewe, yeye akabaki kwenye ukungu wa uwanja wa ndege. Sibishi kwamba alijitoa. Nabishia sifa tunayompa, kana kwamba kujitoa kote kwenye ile picha kulianza naye. Iangalieni tena kwa utulivu. Waliomtangulia ni wengi, baadhi yao hata majina tumeshayasahau, na kila mmoja alimwonyesha njia huku yeye kanuna na glasi mkononi.

Tahadhari kwa ambao hawajaiona: nasimulia mpaka mwisho. Filamu ina zaidi ya miaka 80, mkinilaumu kwa hilo mtakuwa mnanionea.

Kwa kifupi, ni Desemba 1941. Ufaransa ilishaangukia mikononi mwa Wajerumani tangu Juni 1940, na Moroko iko chini ya serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa walioamua kupatana na Hitler. Wakimbizi wa Ulaya wanashuka mpaka Marseille, wanavuka bahari hadi Oran, wanafika Casablanca, na hapo wanakwama wakisubiri kibali cha kwenda Lisbon ili wavuke kwenda Marekani. Mwenye pesa anapita, mwenye bahati anapita. Waliobaki wanajazana kwenye mkahawa wa Rick, wanakunywa, wanacheza kamari, wanauza vito vyao kwa bei ya kutupa.

Rick Blaine (Humphrey Bogart) ndiye mwenye mkahawa. Mmarekani, mkavu, na msimamo wake anautangaza waziwazi: shingo yake haiweki rehani kwa ajili ya mtu yeyote. Ugarte, yule mlanguzi wa vibali, anakamatwa mbele ya macho yake huku anamlilia amsaidie, na Rick hata mkono hanyooshi. Lakini Kapteni Renault, mkuu wa polisi, faili lake kalisoma. Mwaka 1935 Rick alipeleka silaha Ethiopia. Mwaka 1936 alipigana Hispania upande wa serikali, dhidi ya Franco. Rick anajitetea kwamba alilipwa vizuri. Renault anamjibu kuwa upande ulioshinda ungemlipa vizuri zaidi. Hapo tu unajua huyu mtu alikuwa na moyo, ila kuna mahali ulivunjika akaamua kuufunika. (Tuliokulia Afrika tukisikia mtu alikuwa upande wa Ethiopia mwaka 1935, mwaka ambao Mussolini aliivamia, tunampa maksi kabla hajafanya kitu kingine.)

Sasa hiyo foleni ninayoisema. Wa kwanza ni Ilsa, na ni yeye tunayemtupia lawama.

Kule Paris Ilsa (Ingrid Bergman) alikuwa ameambiwa mumewe, Victor Laszlo, kiongozi wa wanaompinga Hitler, amefia kwenye kambi ya mateso. Ndoa yao ilikuwa ya siri, hata marafiki zao hawakuijua. Akakutana na Rick, wakapendana, wakapanga kukimbia pamoja. Siku ya kuondoka, Wajerumani wako mlangoni, ndipo anapopata habari kwamba Laszlo yu hai, mgonjwa, kafichwa kwenye behewa la mizigo nje ya jiji. Angeweza kumwambia Rick ukweli na akabaki na jina safi. Hakumwambia, kwa sababu alijua Rick akishajua hataondoka Paris, na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wangemkamata. Akaandika barua fupi, akakubali kuonekana msaliti ili mwenzake apone.

Mnakikumbuka kile kipande cha kituo cha treni? Mvua inanyesha, Sam, mpiga piano wa Rick, anakuja mbio mwenyewe, anamkabidhi Rick barua. Kamera inasogea mpaka kwenye karatasi, matone yanaangukia maandishi na wino unachuruzika. Rick kasimama kama gogo. Treni inataka kuondoka, na ni Sam anayemvuta apande. Watu wengi wanakumbuka wino. Mimi namkumbuka yule anayevuta, na kwake nitarudi.

Wa pili ni Annina, binti wa Kibulgaria mwenye mume mdogo anayeitwa Jan. Hawana pesa ya viza. Kapteni Renault anawaonea huruma kwa bei yake mwenyewe, ambayo kwa lugha yetu ya leo ni rushwa ya ngono, hakuna jina lingine. Yule binti anamfuata Rick na kumuuliza: kama mtu anakupenda sana, furaha yako ndiyo kitu pekee anachokitaka duniani, na akafanya jambo baya ili uipate, wewe ungeweza kumsamehe? Rick anasema hakuna mtu aliyewahi kumpenda kiasi hicho.

Jamani! Yupo. Alimwandikia barua kituoni. Annina hajui kwamba anamsimulia Rick kisa cha Ilsa, na Rick mwenyewe kwa wakati huo hakijui, kwa maana bado hajaambiwa sababu ya Ilsa kutotokea. Sisi tunaotazama kwa mara nyingine ndio tunaosikia. Rick anamjibu kwa ukali arudi kwao Bulgaria. Halafu anatembea mpaka kwenye meza ya ruleti, anamwambia Jan aweke kwenye namba 22. Inatoka 22. Anamwambia aziache palepale. Inatoka 22 tena. Kisha anamwambia achukue pesa zake aende na asirudi tena. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tunamwona akitoa kitu chake kwa ajili ya mapenzi ya watu wengine, na kilichomsukuma ni swali la binti ambaye ukiniuliza ana dakika ngapi kwenye filamu nzima, ni chache mno.

Wa tatu ni Laszlo mwenyewe, na hapa nadhani tumemdhulumu wote. Kwa kuwa Paul Henreid kamwigiza kwa ule unyoofu wa sanamu, watu wanamwona kama kikwazo kilichovaa suti nyeupe. Subirini ule usiku anaorudi mkahawani kajeruhiwa mkono baada ya polisi kuvamia mkutano wao. Wamebaki yeye na Rick. Anajua kabisa kilichokuwa kati ya Rick na mkewe. Anajua Rick ndiye mwenye vibali viwili na kwamba kakataa kuviuza. Basi anamwomba hivi: kama hutaki kunipa mimi, vitumie wewe umwondoe mke wangu Casablanca, awe salama.

Tafakarini uzito wake. Mume anamwambia mwanaume mwingine amchukue mkewe, kwa sababu uhai wake ni muhimu kuliko kuwa naye. Rick anabaki kumuuliza: unampenda kiasi hicho? Yaani mtu aliyetoka kusema hakuna aliyewahi kumpenda kiasi hicho, sasa anaonyeshwa kipimo chenyewe, tena na mpinzani wake. Kinachofanyika uwanjani kesho yake ni Rick kumrudishia Laszlo ombi lilelile, ila kaligeuza: utaondoka naye wewe.

Ndiyo maana nasema Rick hakubuni kitu. Alijifunza, na heshima yake kwangu inatokana na hapo, kwamba mtu mkaidi vile alikubali kufundishwa.

Nawasilisha. Karibuni tubishane.

Tiketi Mbili:

Mkuu umeandika vizuri ila mimi nisingeweza. Vibali mkononi, mwanamke kasema mwenyewe hawezi kukuacha tena, ndege inanguruma. Ningepanda. Laszlo ni mpambanaji, kashatoroka kambi ya mateso, angejua pa kutokea.

Binti Safu ya Nyuma:

Mleta mada, nakuunga mkono nusu. Umemtetea Ilsa wa Paris, umemwacha Ilsa wa uwanja wa ndege. Naomba niulize swali ambalo nyuzi hizi za "mwanaume aliyependa kweli" huwa haziulizi: kuna mtu alimuuliza yule mama anataka nini?

Laszlo anapanga aondoke na Rick. Rick anapanga aondoke na Laszlo. Kila mmoja anajitoa kwa mwenzake, na kitu kinachotolewa ni yeye. Mpaka dakika ya mwisho anaamini anabaki na Rick. Anafika uwanjani na koti lake na kofia yake, anasikia majina ya Bwana na Bibi Laszlo yakitajwa ili yaandikwe kwenye vibali, ndipo anapojua. Msamaria mwema akikukatia tiketi bila kukuuliza unakokwenda, sijui kama huo ni wema.

Mleta mada:

@Binti Safu ya Nyuma, dada yangu, hapo umenigusa, nami hilo nililiacha makusudi nione nani atalileta.

Upande mmoja uko sahihi kabisa. Upande wa pili, rudi kwenye ule usiku anaopanda kwa Rick na bastola. Anashindwa kumpiga risasi, analia, na anamwambia yeye hajui tena lipi ni sahihi, Rick afikirie kwa niaba yao wote. Rick anaitikia, sawa, nitafikiri. Kwa hiyo kwenye karatasi kapewa ruhusa. Wanaompenda Rick huishia hapo, wanasema kesi imekwisha.

Mimi siishii hapo. Mtu anayesema "nifikirie" akiwa amechoka, kalia, na mumewe anasakwa na Wajerumani, hajatoa ruhusa ya kudumu. Rick alikuwa na usiku mzima na mchana wa kesho yake kumwambia alichokifikiria. Hakumwambia. Na ukitazama vizuri, ndicho alichofanya Ilsa kule Paris: kaamua kwa ajili ya mwenzake, kanyamaza, kamwacha agundue kituoni. Rick alilia zaidi ya mwaka kwa kufanyiwa hivyo, halafu naye akafanya vilevile, tofauti ni kwamba yeye alikaa dakika mbili akaeleza. Sijui kama alikusudia kulipiza. Nadhani hakukusudia. Lakini umbo la tendo ni moja.

Mzee wa Projekta:

Vijana, mnabishana juu ya uamuzi wa Ilsa kana kwamba ulikuwepo. Kwa sheria za Hollywood za wakati ule haukuwepo. Tangu 1934 kulikuwa na ofisi ya ukaguzi wa maadili chini ya Joseph Breen, na mke kumwacha mumewe akaenda kuishi kwa raha na mpenzi lilikuwa jambo lisilopita. Kwa hiyo Ilsa kupanda ndege na mumewe kulikuwa karibu kumeshaamuliwa kabla hata kamera haijawashwa. Kazi waliyobaki nayo waandishi, ndugu wawili Julius na Philip Epstein pamoja na Howard Koch, ilikuwa kutafuta sababu itakayomfanya mtazamaji akubali bila kujisikia kadanganywa. Na waliipata: vita.

Kuna kingine. Skripti ilikuwa inaandikwa huku picha inapigwa. Bergman mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliuliza anapaswa kumpenda nani kati ya hao wanaume wawili, akaambiwa acheze katikati. Sasa mtazameni usoni mkijua hilo. Ule wasiwasi tunaousifia si wa kuigiza wote.

Na mleta mada, umeorodhesha waliojitoa ndani ya hadithi, umewasahau walio nje yake. Kwenye orodha ya waigizaji waliotajwa majina, waliozaliwa Marekani walikuwa watatu tu: Bogart, Dooley Wilson aliyekuwa Sam, na Joy Page aliyekuwa Annina. Waliobaki wametoka huko na huko, wengi wakimkimbia Hitler. Conrad Veidt, anayecheza Meja Strasser Mnazi, aliihama Ujerumani mwaka 1933, mke wake alikuwa Myahudi. Marcel Dalio, yule anayezungusha ruleti, alikuwa Myahudi wa Ufaransa, na Wanazi walitumia sura yake kwenye mabango ya chuki. Yeye na mkewe Madeleine Lebeau, ambaye ndiye Yvonne, walitoroka Paris mwaka 1940 wakapitia Lisbon, viza zao zikabainika ni za bandia wakakwama Mexico. Yaani walishaishi ile filamu kabla ya kuicheza.

Sasa nendeni kwenye kipande cha wimbo. Maofisa wa Kijerumani wanaimba wa kwao, Laszlo anashuka ngazi, anaiendea bendi na kuamuru wapige wimbo wa taifa wa Ufaransa. Wapigaji wanamtazama Rick. Rick anatikisa kichwa kukubali, tikisiko dogo tu. Mkahawa mzima unasimama. Kamera inamfuata Yvonne, ambaye aliingia kashikana mkono na Mjerumani, analia na kuimba kwa pumzi zake zote. Yale machozi ya Lebeau mimi siyaiti uigizaji.

Mleta mada:

@Mzee wa Projekta, shikamoo. Umeniongezea nyama. Na lile tikisiko la kichwa ndilo lililomgharimu mkahawa. Strasser anaagiza ufungwe usiku uleule, na Renault anatafuta kisingizio, anadai kashtuka kugundua kwamba humu ndani kuna kamari, wakati huohuo mzungusha ruleti anamletea pesa alizoshinda. Kichekesho cha karne. Lakini baada ya kicheko, Rick anamuuliza mhudumu wake mkuu, Carl, wanaweza kukaa wamefunga kwa muda gani, kisha anaagiza wafanyakazi waendelee kulipwa. Hapo uwanja wa ndege bado uko mbali.

Pazia Jekundu:

Mmezungumza mapenzi, mmezungumza kujitoa, urafiki mmeuruka. Picha inafungwa na urafiki! Mwanamke kaondoka, Rick na Kapteni Renault wanatembea pamoja kwenye ukungu, na sentensi ya mwisho ya filamu ni Rick akimwambia Louis huu ni mwanzo wa urafiki mzuri. Ndiyo tafsiri yangu: mapenzi yanapita, mshikaji anabaki. Renault alikuwa na Rick mikononi mwake, kaona kwa macho yake Strasser akipigwa risasi, polisi wamefika, neno moja tu na Rick ananyongwa. Akawaambia wakawakamate watuhumiwa wa siku zote. Kama huo si urafiki, ni nini?

Mleta mada:

@Pazia Jekundu, mkuu, kile kimya cha Renault kabla hajawajibu polisi ni kati ya vimya vitamu kwenye sinema. Anamtazama Rick, Rick anamtazama. Hilo nakupa. Na chupa ya maji ya Vichy anayoisoma lebo kisha kuitupa kwenye pipa na kuipiga teke, nayo nakupa.

Ila tusimtakase haraka. Huyu ni yule aliyekuwa anamtaka Annina alipie viza kwa mwili. Hakuna mahali kwenye filamu anapotubia hilo, na hakuna anayemdai atubu. Rick aliliharibu lile dili kwa namba 22, na Renault akalichukulia kama utani wa marafiki. Urafiki wao umejengwa juu ya kamari tangu mwanzo: waliwekeana dau la faranga 10,000 kama Laszlo atatoroka au hatatoroka. Rick alitaka iwe 20,000, Renault akapunguza akisema yeye ni ofisa maskini mla rushwa. Mwishoni Rick anamkumbusha deni lake, na Renault anapendekeza pesa hiyohiyo iwe nauli yao ya kwenda Brazzaville. Nauli yetu? anashangaa Rick. Ndipo inapokuja ile sentensi. Ni ya kuchekesha na inapendeza. (Iliongezwa baadaye, upigaji picha ukiwa umeshaisha, Bogart akaitwa kuja kurekodi sauti.) Brazzaville si jina la kubahatisha, mji ule ulikuwa makao makuu ya Wafaransa huru wa de Gaulle, kwa hiyo Renault anachagua upande. Lakini ndio kwanza anaanza, hata Rick kasema ni mwanzo.

Rafiki aliyekuwepo kabla ya mwanzo huo ni Sam, na niliahidi kurudi kwake.

Tazama orodha yake. Paris, yeye ndiye aliyeleta barua na kumvuta Rick kwenye treni. Casablanca, Ilsa anapomuuliza Rick yuko wapi, anamdanganya kwamba kaenda nyumbani, na Ilsa anamwambia zamani ulikuwa unajua kudanganya vizuri zaidi. Kisha anamsihi, bila kupandisha sauti, amwache Rick, kwa sababu anamletea mkosi. Ferrari, mpinzani wa biashara, anamtaka kwa mshahara mara mbili. Sam anakataa, anasema hizi anazolipwa hapa tu hana nafasi ya kuzitumia. Na ule usiku ambao Rick analewa pombe peke yake gizani, akiambiwa akalale, Sam anagoma kuondoka. Anampa mpango: tuchukue gari, tuendeshe usiku kucha, tulewe, twende tukavue samaki, tusirudi mpaka huyu mwanamke aondoke. Anayejua urafiki anajua ule mpango. Si mpango wa kutatua tatizo. Ni mtu asiyejua la kufanya na bado hataki kukuacha peke yako.

Halafu anaagizwa apige wimbo ambao anajua utamuumiza bosi wake, anasema hadhani kama anaukumbuka, na mwishowe anaupiga. Kwa faida ya wapenda muziki: Dooley Wilson kwa fani alikuwa mpiga ngoma, piano hakuijua. Aliyekuwa anapiga pembeni ni Elliot Carpenter, Wilson anafuatisha mikono. Sauti ni yake.

Binti Safu ya Nyuma:

Na Sam hayuko uwanja wa ndege.

Mleta mada:

Hayuko, dada. Rick anauza mkahawa kwa Ferrari na Sam anabaki humo. Mwanzoni Ferrari alipouliza anamtaka Sam kwa bei gani, Rick alijibu kwa hasira kwamba yeye hanunui wala hauzi watu. Jibu zuri sana, nililipenda. Lakini siku ya kuuza anasimamia maslahi ya Sam na wenzake kina Carl na Abdul: wabaki, la sivyo haiuzi. Ferrari anakubali, na kuhusu Sam anasema anajua kwamba amekuwa akipata asilimia 10 ya faida, ila thamani yake ni 25.

Ni mkataba mzuri ukilinganisha na wakati ule. Ninachodai ni kipande kimoja tu cha kuagana. Ilsa kaagwa kwa hotuba ambayo watu wanaikariri mpaka leo. Laszlo kaagwa kwa uongo wa kiungwana, Rick akimwambia Ilsa alijifanya tu kumpenda ili avipate vile vibali, mume aondoke na moyo mweupe. Renault kapata sentensi ya mwisho. Mtu aliyemvuta kwenye treni hakupata hata "kwaheri". Filamu haikuona kama inahitajika, na sababu yake mnaijua kama ninavyoijua. Ilsa anapomwona mara ya kwanza pale mkahawani anamuulizia kwa Renault kama "yule kijana anayepiga piano". Dooley Wilson alikuwa ameshavuka miaka 50, kamzidi Bogart kwa mbali, na Bergman alikuwa na 26.

Mzee wa Projekta:

Marahaba, nilisahau kuitikia. Hapo kwa Sam huna upinzani kwangu. Ongeza na hili: hadithi iko Afrika, na Mmoroko mwenye maneno ya maana humo simwoni. Abdul wa mlangoni aliigizwa na Mmarekani, Dan Seymour. Jiji lenyewe ni studio za Warner kule Burbank, na ile ndege ya mwisho ni ya maboksi iliyozungushiwa ukungu na mafundi wafupi ili ionekane kubwa. Hata hivyo bahati iliwaangukia: majeshi ya Marekani na Uingereza yalitua Afrika Kaskazini Novemba 8, 1942, Casablanca ikiwemo, na picha ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza New York Novemba 26. Januari 1943 Roosevelt na Churchill wakakutana Casablanca hiyohiyo. Tangazo la namna hiyo hulipwi kwa pesa.

Tiketi Mbili:

Nimeiangalia tena jana kwa sababu ya uzi huu. Bado ningepanda ndege. Ila ningemchukua Sam, Ilsa angetafutiwa kibali kingine.

Pazia Jekundu:

@Tiketi Mbili 😂😂 vibali ni viwili tu mkuu, na Ilsa kakufuata na bastola.

@Mleta mada, kwa Sam nakubali kuna dhuluma, ila asilimia 25 si haba. Kabaki pazuri.

Binti Safu ya Nyuma:

Asilimia 25 ya faida ya mkahawa uliofungwa kwa amri ya polisi, mwenye mkahawa ndiye aliyemuua ofisa wa Kijerumani, na mkuu wa polisi aliyekuwa anawalinda yuko njiani kwenda Brazzaville. Carl alipoulizwa wataweza kukaa wamefunga kwa muda gani alisema wiki mbili, labda tatu. Pigeni hesabu wenyewe.